Tembeeni Wenyewe, Mjue Mlikotoka

Je, mpenzi msomaji, umewahi kwenda mahali penye historia kubwa ukarudi nyumbani huna kitu kichwani ila vumbi la safari? Mimi yamenipata. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Bagamoyo na kikundi cha akina mama wa kanisani. Basi lilichelewa kuondoka. Mtembezaji tuliyepewa alikuwa na vikundi vingine viwili vikimsubiri, na kila tulipotaka kuuliza swali yeye alikuwa amekwisha fika mlango wa pili. Kwa muda wa saa moja na nusu tulizungushwa mji mzima. Tukapiga picha, tukala pilau, tukaimba, tukarudi. Usiku ule mwanangu wa mwisho aliniuliza, "Mama, umeona nini huko?" Nikamjibu, "Nyumba za zamani." Basi. Nilijionea aibu.

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, nilimwambia baba watoto kwamba safari hii tutakwenda sisi wenyewe, familia moja, bila mtembezaji. Tulikuwa watu sita: sisi wawili, binti zetu wawili, kijana wetu wa kidato cha pili, na mama mkwe wangu ambaye ana miaka 76. Nilidhani ninawapeleka watoto wakajifunze historia ya nchi. Sikujua kwamba tutarudi na historia ya nyumba yetu wenyewe.

Matayarisho huanza nyumbani

Mimi ni muuguzi. Katika kazi yetu hufungui kidonda kabla hujapanga vifaa vyote kwenye trei. Matembezi ya kujiongoza wenyewe ni vivyo hivyo. Msipojitayarisha, mtakuwa mnazunguka magofu kama kuku waliofunguliwa bandani.

Majuma mawili kabla ya safari tulinunua daftari moja la kurasa 48. Kila mtoto alipewa mahali pake pa kusoma habari zake, katika vitabu vya shule na katika maktaba, na kuziandika kwa ufupi. Kanuni ilikuwa hii: tukifika mahali, mwenye mahali ndiye kiongozi wetu. Sisi wazazi tutanyamaza tusikilize. Kijana wangu ambaye nyumbani hujibu kwa neno moja moja alichagua misheni. Binti wa pili alichukua Kaole. Binti mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa akisubiri posa, alichukua mji mkongwe.

Mama mkwe hakuchagua kitu. Alisema tu, "Mimi nitawafuata." Nilidhani ni kwa sababu ya miguu yake.

Tuanze na la kale zaidi: Kaole

Kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70, na barabara ni ya lami. Tuliondoka alfajiri, tukafika jua likiwa bado changa. Tulipatana na dereva wa bajaji wawili watupeleke kwanza Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Ukianza na mahali pa kale zaidi kisha ukaja mbele, watoto wanaona jinsi jambo moja lilivyozaa jingine. Tena Kaole kuna jua kali, ni vema kupamaliza asubuhi.

Hapo yapo magofu ya misikiti miwili, na mmoja unasemekana ni wa karne ya 13. Yapo pia makaburi ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, na mengine yana nguzo ndefu juu yake. Binti yangu alitueleza kwamba nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Fikiri, mama mwenzangu: miaka mamia iliyopita, kabla ya Mreno wala Mjerumani kukanyaga pwani hii, watu wa hapa walikuwa wakifanya biashara na China, wakijenga kwa mawe, wakimwomba Mungu na kuzika wafu wao kwa heshima. Watoto wetu wengi wanadhani historia yetu inaanza siku alipofika mgeni. Kaole inawasahihisha bila maneno mengi.

Tulikaa kimya kidogo kivulini. Bahari imerudi nyuma na mikoko imejaa pale ambapo zamani palikuwa bandari. Kijana wangu akaandika katika daftari: "Mji unaweza kufa." Sikumwambia aandike hivyo.

Mji mkongwe

Tulirudi mjini tukanywa chai na vitumbua, kisha tukatembea kwa miguu. Binti mkubwa alituanzishia kwenye nyumba ya misafara, mahali walipopumzika wapagazi waliotoka bara. Alitueleza njia ilivyokuwa: kutoka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, kupitia Tabora na Mpwapwa, mpaka hapa ufukweni. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu huru waliofanya kazi kwa malipo, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani au kichwani. Lakini katika njia hiyo hiyo walipita watumwa waliofungwa shingo kwa shingo, wanawake na watoto wakiwa wengi miongoni mwao.

Ndiyo maana hata jina la mji husimuliwa kwa namna mbili. Wengine husema "bwaga moyo" ni neno la mpagazi aliyefika mwisho wa safari, anatua mzigo na kupumua. Wengine husema ni neno la mtumwa aliyeiona bahari akajua kwamba kwao hatapaona tena. Tulisimama pale tukajaribu kufikiri neno lile lile likisemwa na watu wawili wa namna hiyo, siku moja, mahali pamoja.

Tulipita Ngome Kongwe, tukapita katika mtaa wa zamani wenye milango iliyonakshiwa, tukafika Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1897. Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Karibu na ufuko ipo alama ya mahali walipowanyonga watu waliowapinga. Huko nyuma, mwaka 1888, watu wa pwani waliinuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim, naye alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hapo binti yangu hakusema mengi. Alifunga daftari, nasi tukapita polepole.

Jambo moja lilinigusa mimi kama muuguzi. Ukifika Muhimbili utasikia watu wakisema, "Amelazwa Sewahaji." Wangapi tunajua kwamba Sewa Haji alikuwa mtu? Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa hapa hapa Bagamoyo, aliyejitajirisha kwa kuiandalia misafara bidhaa na wapagazi. Mali yake aliitoa kwa wingi. Alijenga shule Bagamoyo akataka ipokee watoto wa rangi zote, na akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Nimelitamka jina lile miaka yote ya kazi yangu kama kwamba ni jina la ukuta.

Misheni, chini ya miembe

Mchana tulikwenda misheni. Njia ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote mbili, iliyopandwa miaka ya 1870, na kivuli chake ni kama mtu anakupokea mzigo. Hapo kijana wangu akafungua daftari lake akasafisha koo.

Alitueleza kwamba mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868 wakaanzisha hapa misheni ya Kikatoliki iliyo ya zamani kuliko zote za Tanzania Bara. Ufukweni upo msalaba unaokumbusha kufika kwao. Mwaka 1872 kimbunga kiliharibu sehemu kubwa ya walichojenga, wakaanza upya. Alituonyesha mnara wa kanisa la kwanza, ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa mwezi wa Februari 1874.

Habari ya mwili ule niliisimulia mimi, kwa kuwa naijua kazi ya kuhudumia marehemu. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiwemo Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza safari. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi kadhaa, katika njaa na magonjwa. Katika kundi la Livingstone alikuwemo pia mpishi wake, mwanamke aliyeitwa Halima. Vitabu vingi humtaja mzungu aliyebebwa. Mimi niliwaomba wanangu wawafikirie waliobeba.

Mbele kidogo upo mbuyu ambao watoto waliupenda kuliko vyote. Husimuliwa kwamba Madame Chevalier, mwanamke aliyekuwa akiendesha zahanati Unguja kabla ya kujitolea kuja Bagamoyo, alifunga mnyororo katika mti huu ili amfunge punda wake. Mnyororo ukasahaulika, mti ukanenepa, ukaumeza. Sasa kinaonekana kipande kidogo tu. Na katika makaburi ya wamisionari, soma miaka iliyoandikwa: wengi walikufa vijana kabisa. Walipofika mwaka 1868 hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Ronald Ross aliviona vimelea ndani ya mbu mwaka 1897 tu. Wengi walilala bila kinga, wakafa.

Methali iliyomsimamisha Bibi

Tulikaa kupumzika. Kijana wangu alikuwa anamalizia sehemu yake ya mwisho, Kijiji cha Uhuru. Alisoma kwamba mapadre walinunua watumwa, hasa watoto, wakawaweka hapa. Masista waliwatunza wasichana. Watoto walisoma, walijifunza ufundi, walilima. Walipokua waliozwa wao kwa wao na kupewa nyumba kijijini. Aliandika pia, na nilifurahi kwamba hakuficha, kuwa maisha yao yalikuwa ya amri kali na kazi nyingi, na kwamba hawakuwa na ruhusa kubwa ya kujiamulia mambo yao. Kisha akahitimisha kwa sauti ya mwanafunzi: "Ndiyo maana wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kanga yake, akisugua goti. Akasema taratibu, kama anayeongea na goti lile: "Na ambaye asili yake ndiyo huo utumwa, mjukuu wangu, yeye aiache au aishike?"

Hakuna aliyejibu. Baba watoto alimtazama mama yake. Nami nilitaka kusema neno la kufariji, lakini kazi yangu imenifundisha kwamba mgonjwa anapoanza kueleza maumivu yake, usimkatize.

Akasema, "Bibi yangu mzaa mama alilelewa hapa."

Alitueleza kidogo kidogo. Bibi yake aliletwa akiwa mtoto mdogo sana, pengine wa miaka mitano au sita. Hakumjua mama yake. Hakujua kijiji chake. Alikumbuka mto, na mbuzi mweupe, na neno moja la lugha ya kwao ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia maana yake. Kabila lake hakulijua mpaka anakufa. Jina alipewa hapa na siku ya kuzaliwa alipewa hapa. Mama mkwe alikuwa msichana wa miaka kumi bibi yake alipofariki, na mama yake alimwonya: "Ukiulizwa, sema sisi ni watu wa pwani. Usiseme zaidi."

Naye hakusema zaidi, miaka 66. Nimeishi naye miaka 25. Nimemsindikiza hospitali mara nyingi, na kila mara mwandishi wa kadi alipouliza kabila, alitaja la marehemu mume wake. Nilidhani ni heshima kwa mumewe. Hata mwanawe aliyemzaa hakujua. Kumbe alipofahamu tunakwenda Bagamoyo hakulala usiku mbili, akijiuliza atoe sababu gani ya kubaki. Mwishowe aliamua kuja kuona tu, asiseme kitu.

Binti mkubwa alisogea akamlaza Bibi kichwa begani. Ndipo tukajua jambo lililokuwa likimsumbua mzee wetu kuliko yote. Posa ilikuwa inakuja. Wazee wa upande wa kijana wangeuliza habari za ukoo, kama ilivyo desturi. Aliogopa kwamba mjukuu wake angekataliwa kwa ajili ya damu yake.

Yaliyofuata nyumbani

Sitakudanganya, mpenzi msomaji, kwamba mambo yalinyooka siku ile ile. Baba watoto alikaa kimya kama juma moja. Alikuwa na uchungu si kwa sababu ya utumwa, bali kwa sababu alifichwa. Siku ya Jumapili alimwendea mama yake chumbani wakazungumza mpaka chakula kikapoa. Walisema nini, sijauliza.

Siku ya wazee ilipofika, mama mkwe aliomba aseme mwenyewe. Alisema kwa maneno machache: "Bibi yangu aliuzwa akiwa mtoto. Hakuiba, hakuua, aliuzwa. Akakombolewa, akaolewa kwa ndoa, akazaa, na huyu binti mnayemtaka ni matunda yake." Si wote waliopokea vizuri. Shangazi mmoja wa kijana alinung'unika, na mambo yakasimama kama miezi miwili. Lakini mama mkwe hakulirudisha neno lake, wala sisi hatukumwomba alirudishe. Kijana mwenyewe alikuja na baba yake, wakasema wao wako tayari. Ndoa ilifungwa mwezi wa kumi na moja, na Bibi alikaa kiti cha mbele.

Akina mama, tuseme ukweli. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, lakini aibu yake haikufutwa kwa sheria. Ipo katika nyumba nyingi za pwani na za bara pia. Wapo wajukuu wa waliouzwa, na wapo wajukuu wa waliouza, nao hukaa benchi moja kanisani. Aibu si ya aliyefungwa mnyororo. Mtoto akijua hivyo mapema, hatambeza mwenzake wala hatajibeza mwenyewe.

Nawe ukitaka kufanya hivi

Si lazima uende Bagamoyo. Mkaaji wa Tabora anayo Kwihara, alipokaa Livingstone. Wa Kigoma anayo Ujiji, walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Wa Unguja anapo Mkunazini, ambapo kanisa kuu la Anglikana lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Wenzetu wa Mombasa wana Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, pamoja na Frere Town na Rabai. Hata kijijini kwenu lipo kanisa la zamani, kaburi la chifu, au mti ambao wazee walikaa baraza. Haya ndiyo niliyojifunza:

Someni kwanza, na mpeni kila mtoto mahali pake. Mtoto anayeongoza hasinzii.

Chagueni sehemu chache. Tatu kwa siku moja zatosha. Ratiba iwe na nafasi ya kukaa tu.

Bebeni kitambulisho. Maeneo yaliyo chini ya serikali hutoza kiingilio, na raia hulipa pungufu kuliko wageni. Dai stakabadhi yako.

Angalieni afya. Bebeni maji ya kunywa yaliyochemshwa, kofia au kanga ya kichwani, viatu vilivyofunika vidole, na dawa za mzee kama anatumia za presha au kisukari. Mzee apumzike kila baada ya mwendo mfupi. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia huwa tope.

Heshimuni mahali. Msikalie makaburi, msichokonoe kuta, msiokote hata kigae. Vaeni kwa adabu, maana mnapita katika mitaa ya watu na karibu na misikiti. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Msimdharau mwenyeji. Kujiongoza wenyewe si kukataa kuuliza. Mzee anayesuka ukili barazani anaweza kukueleza jambo ambalo halimo kitabuni. Mpe shikamoo kwanza, na usiwe na haraka.

Na la mwisho: mchukueni mzee wenu, lakini msimlazimishe kusema. Mweke mahali penye kivuli, mpe maji, mkae karibu naye. Akinyamaza, mheshimu. Akifungua kinywa, usimkatize, usimsahihishe tarehe, wala usimwambie, "Hayo yamepita." Kwake hayajapita. Mwache amalize.

Lile daftari letu la kurasa 48 bado tunalo. Ukurasa wa mwisho kijana wangu aliandika lile neno moja ambalo mama wa bibi yake Bibi, popote alipokuwa, alimfundisha mwanawe kabla hajapotezana naye. Ameliandika kama Bibi anavyolitamka. Maana yake hatujaipata. Kila akikutana na mtu wa kabila asilolijua, humwonyesha na kumuuliza.